Ghala la kona ya Elm na Houston, Dallas: plau, vyakula vya jumla, vitabu vya shule, kisha makarani wa kaunti (uzi mrefu)

FundiChokaa:

Wakuu, salaam.

Kila ikifika Novemba uzi wa mauaji ya Rais Kennedy (Dallas, 22 Novemba 1963) hufufuka humu, tukashikana mashati kwa yale yale: risasi ngapi, zilitoka wapi, nani alimtuma nani. Leo naomba hayo tuyaweke pembeni. Nataka kulizungumzia jengo lenyewe, lile la matofali lenye ghorofa saba, 411 Elm Street, katikati ya Dallas, Texas. Wengi wetu tunalijua kwa dirisha moja tu, lile la ghorofa ya sita linalotajwa kuwa risasi zilitokea hapo. Lakini jengo lina zaidi ya miaka 120, na sehemu kubwa ya umri huo halikuwa na habari na rais yeyote. Lilikuwa ghala la kazi.

Natanguliza dai langu ili wabishi mjiandae: jengo hili halikuokolewa kwa sababu Dallas iliipenda historia yake. Wengi walitamani litoweke. Kilicholiokoa ni kaunti kuhitaji vyumba vya ofisi. Nitafika huko taratibu.

Tuanze na kiwanja. Kiliwahi kuwa mali ya John Neely Bryan, yule aliyeanzisha Dallas mwaka 1841 pembeni ya Mto Trinity. Miaka ya 1880 Mfaransa mmoja, Maxime Guillot, alikuwa na karakana ya magari ya kukokotwa hapo. Mwaka 1894 kiwanja kikanunuliwa na watu wa Rock Island Plow Company, kampuni ya plau kutoka Illinois, na miaka minne baadaye wakasimamisha jengo la ghorofa tano kwa ajili ya tawi lao la Texas, Southern Rock Island Plow Company.

Utajiuliza, kampuni ya plau ya Illinois imefuata nini Dallas? Imefuata reli. Houston and Texas Central ilifika Dallas 1872 ikitokea kusini, na mwaka uliofuata ikaingia Texas and Pacific ikitokea mashariki. Mji ambao hauna bandari wala mto unaopitika na meli ukajikuta ni njia panda ya mizigo. Kuuzunguka kuna ule udongo mweusi mzito wa kaskazini mwa Texas, udongo wa pamba, na mkulima wa pamba anahitaji plau, haro, mashine ya kupandia na spea zake. Mzigo unashuka kwenye behewa, unaingia ghalani, unauzwa kwa jumla kwa wenye maduka ya vijijini. Ndiyo maana upande ule wa magharibi wa mji, karibu na reli, ukajaa maghala marefu ya zana za kilimo. Hata jirani yake ng'ambo ya Houston Street, linaloitwa leo Dal-Tex, lilijengwa 1902 na kampuni nyingine ya zana, Kingman-Texas Implement.

Mwaka 1901 radi ikalipiga lile la ghorofa tano. Likaungua karibu lote. Kampuni haikulia sana, ikajenga upya palepale na kuongeza ghorofa mbili. Hilo la pili ndilo hili tunaloliona.

Naendelea. Nipisheni kwanza nimalize sehemu ya ujenzi, maana ndiyo naipenda.

Kitasa:

Naweka kambi hapa. Ila fundi usituache njiani kama ule uzi wako wa madaraja.

FundiChokaa:

Kitasa, ule uzi nitaurudia, acha fitina.

UJENZI. Jengo ni mraba, kama futi 100 kila upande. Kuta za nje ni matofali ya kuchoma yanayobeba uzito, si pambo la kufunika chuma. Ndani kuna nguzo na mihimili ya mbao nene, na sakafu za mbao. Namna hii ya ujenzi ilitokea kwenye viwanda vya nguo na ilipendwa na wenye maghala kwa sababu mbili. Kwanza inabeba mzigo mzito bila gharama ya chuma. Pili, gogo nene likishika moto huungua nje kwanza, likajifunika tabaka la mkaa, na kiini kikaendelea kubeba kwa muda. Mbao nyembamba nyingi zikishika moto ni kuni. Sisemi haliungui, mwaka 1901 mmeuona. Nasema linawapa watu muda wa kutoka na zimamoto muda wa kufika.

Kwa nje wakampa mfua plau heshima yake: matao juu ya madirisha ya ghorofa za juu, nguzo bapa zilizoshikana na ukuta zinapanda ghorofa kadhaa, kofia ya matofali juu. Mtindo huo wa matao ulitamba Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Ukisimama kona ya Houston na Elm utaona kwamba pande mbili zinazotazama barabara ndizo zilizotiwa nakshi zaidi. Biashara ni biashara, nakshi inaelekezwa kwa mteja.

Madirisha ni makubwa na mengi, kwa kuwa ghala la zama zile lilitegemea mwanga wa jua. Na kwenye ghorofa za juu kizingiti cha dirisha kiko chini mno, hakikufikii gotini. Shikeni hapo kwenye kizingiti, tutarudi.

Binti_Saba:

Fundi, swali. Kwa nini wapandishe plau ghorofa ya saba? Si wangejenga bapa tu, ardhi Texas si tele?

FundiChokaa:

Swali zuri dada. Ardhi Texas ilikuwa tele, ila ardhi iliyo karibu na reli na katikati ya mji haikuwa tele. Kabla ya lori, ghala lililo mbali na reli ni hasara: kila mzigo unahitaji gari la farasi mara mbili. Kwa hiyo unabanana karibu na reli na unapanda juu. Lifti ya mizigo ndiyo iliyowezesha. Ofisi na maonyesho chini, mzigo mzito usiogusa mara kwa mara unaupeleka juu.

Lori na barabara kuu zilipokuja, hesabu ikageuka. Utaona mwenyewe kwa mpangaji anayefuata.

FundiChokaa:

SEHEMU YA PILI: KUTOKA PLAU HADI MAKOPO

Mwaka 1937 jengo lilinunuliwa na Carraway Byrd Corporation. Wakashindwa kulipa mkopo, likapigwa mnada tarehe 4 Julai 1939, na aliyelichukua ni D. Harold Byrd, tajiri wa mafuta wa Dallas. Alilinunua likakaa tupu hadi 1940, akampata mpangaji: John Sexton & Co., wauzaji wa vyakula kwa jumla wenye makao yao Chicago. Walilitumia kama tawi lao la kusini na kusini-magharibi mwa Marekani. Wakakaa zaidi ya miaka ishirini. Wenyeji wakalizoea kwa jina la Sexton Building, na hata mwaka 1963 walikuwepo waliokuwa bado wanaliita hivyo.

Novemba 1961 Sexton wakahama. Walikwenda wapi? Kwenye ghala jipya la kisasa nje ya katikati ya mji, Regal Row. Binti_Saba, hilo ndilo jibu la swali lako kwa vitendo. Foklifti haitaki ngazi wala lifti, inataka sakafu moja pana. Lori linataka nafasi ya kugeuka. Ghala la ghorofa saba katikati ya mji likawa mzigo kwa mwenye mali, na jambo hilo limeua au kugeuza maghala ya aina hii katika miji mingi ya Marekani.

Byrd akalifanyia ukarabati. Ghorofa nne za chini zikatiwa vyumba vya ofisi, mazulia, kiyoyozi na lifti mpya ya abiria. Ghorofa tatu za juu zikabaki ghala kama zamani. Akaingia mpangaji mpya, Texas School Book Depository Company.

Hapa wengi huteleza. Jina linasikika kama idara ya serikali. Ilikuwa kampuni binafsi. Kazi yake ilikuwa kupokea oda za vitabu vya shule kwa niaba ya wachapishaji, kuvikusanya na kuvisafirisha kwa shule. Baadhi ya wachapishaji walikuwa na ofisi zao humo humo kwenye ghorofa za chini. Na kampuni ilikuwa na ghala la pili, mbele kidogo kwenye Houston Street upande wa kaskazini. Msimamizi, Roy Truly, alieleza baadaye kwamba Lee Harvey Oswald, yule aliyetuhumiwa kumuua Kennedy, alipoajiriwa angeweza kabisa kupelekwa ghala lile la pili. Alianza kazi 16 Oktoba 1963, mshahara dola 1.25 kwa saa, kazi ya kukusanya vitabu kulingana na oda. Njia ya msafara wa rais ilikuwa bado haijatangazwa.

Mzee Rula:

Hapo kwa Byrd usipite haraka kijana. Huyo Byrd alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Civil Air Patrol, shirika la kujitolea la mambo ya ndege, na Oswald akiwa kijana kule New Orleans alikuwa kadeti wa Civil Air Patrol. Mwenye jengo na muuaji shirika moja! Hiyo nayo bahati tu?

FundiChokaa:

Mzee wangu shikamoo. Zote mbili ni kweli. Lakini Civil Air Patrol ilikuwa na maelfu ya vijana kila pembe ya Marekani, na Byrd alilinunua jengo Oswald akiwa hajazaliwa (kazaliwa Oktoba 1939, mnada ulikuwa Julai). Kama ni njama basi ilipangwa tumboni. Byrd alikuwa tajiri wa aina ile inayogusa kila kitu: binamu yake ni Admirali Richard Byrd, yule wa ncha za dunia, na kule Antaktika kuna safu ya milima yenye jina la huyu Harold. Mtu wa namna hiyo ukimtafutia uhusiano na jambo lolote utaupata.

Mzee Rula:

Marahaba. Nimekusikia, ila sijakubali.

Jongoo Barabarani:

Mzee Rula hajawahi kukubali kitu tangu jukwaa lifunguliwe 😂😂 Fundi endelea.

FundiChokaa:

SEHEMU YA TATU: 22 NOVEMBA 1963, KWA MACHO YA JENGO

Sitazungumzia siasa. Nitazungumzia sakafu, lifti na barabara.

Barabara kwanza. Msafara ulitoka uwanja wa ndege, ukapita Main Street, ukielekea Trade Mart kwa chakula cha mchana. Ili kuingia Stemmons Freeway ilibidi wawe kwenye Elm, kwa sababu ukiwa Main pale mbele kuna kizuizi cha zege kati yake na njia ya kuingilia barabara kuu. Basi wakakata kulia Houston, halafu kushoto Elm, kona kali sana chini kabisa ya ghala. Gari refu kwenye kona kama ile linatambaa. Sehemu ile yenye bustani ni Dealey Plaza, jina la mwenye gazeti la Dallas Morning News, George Bannerman Dealey. Barabara tatu zinabanwa pamoja kupita chini ya reli, kazi ya miaka ya 1930. Ghala lilikuwa hapo kabla ya bustani.

Sasa sakafu, na hapa ndipo wale Sexton wanarudi. Ghorofa za juu zilikuwa zimelowa mafuta yaliyotoka kwenye bidhaa za vyakula zilizohifadhiwa humo miaka yote. Vitabu ukiviweka juu ya mbao zenye mafuta vinaharibika. Kampuni ikaamua kufunika sakafu kwa plaiwudi. Ghorofa ya tano ilikwisha, wakapanda ya sita wakaanzia upande wa magharibi, na ili wapate nafasi ya kufanya kazi wakasogeza maboksi ya vitabu kuelekea mashariki. Kwa hiyo Ijumaa ile upande wa mashariki wa ghorofa ya sita ulikuwa umerundikwa maboksi kuliko kawaida. Pembe ya kusini-mashariki ikawa imefichika kabisa nyuma ya maboksi. Mtu aliyekaa pale hakuhitaji kujenga kificho kutoka sifuri, na wala hakuna aliyeshangaa kuona rundo.

Halafu kile kizingiti. Dirisha liko chini, mtu anaweza kukaa juu ya boksi na kuegemeza kitu juu ya boksi jingine. Fundi aliyechora vile mwanzoni mwa karne alikuwa anawaza mwanga juu ya zana za kilimo.

Ghorofa ya tano, moja kwa moja chini ya pembe ile, walikuwepo wafanyakazi watatu wakitazama msafara dirishani. Mmoja, Harold Norman, aliieleza Tume ya Warren, ile tume ya serikali iliyochunguza mauaji, kwamba alisikia maganda ya risasi yakianguka sakafuni juu ya kichwa chake. Mwenzake, Bonnie Ray Williams, aliangukiwa na vumbi kutoka juu nyweleni. Wengi husoma ushahidi huu wakasema hauwezekani, utasikiaje ganda la risasi kupitia sakafu? Mnafikiria sakafu za zege mlizozizoea. Ile ilikuwa mbao za zamani zilizokauka, zina nyufa, hazina dari la kufunika chini, na plaiwudi ilikuwa haijafika upande huo. Tume yenyewe ilijaribu, ikasikia. Na ajabu ya mambo, Williams alikuwa miongoni mwa hao hao waliokuwa wanatandika plaiwudi asubuhi ile, na chakula chake cha mchana (kuku) alikilia ghorofa ya sita kabla ya kushuka chini kwa wenzake.

Lifti. Ile mpya ya abiria iliishia ghorofa ya nne. Kufika ya sita ulitumia mojawapo ya lifti mbili za mizigo zilizo nyuma, au ngazi kwenye pembe ya kaskazini-magharibi. Lifti za mizigo zina mageti ya mbao, na ile ya magharibi ukiliacha geti wazi huko juu, aliye chini atabonyeza mpaka kidole kiote sugu haiji. Risasi zilipolia saa 6 na nusu mchana, askari Marrion Baker aliingia mbio, Truly akamwongoza hadi nyuma, wakaita lifti. Zote mbili ziko juu. Haziji. Wakapanda ngazi, na ghorofa ya pili, kwenye chumba cha kulia chakula, wakakutana na Oswald. Truly akasema huyu ni mfanyakazi wetu, wakaendelea kupanda. Geti moja limeachwa wazi na mbishano wa miaka sitini umezaliwa hapo: alishuka saa ngapi, aliwezaje, kwa nini hakuhema.

Bunduki ilikutwa ghorofa hiyo hiyo ya sita, karibu na ngazi, katikati ya maboksi, saa 7:22.

Na juu ya paa lilikuwepo bango kubwa la Hertz, wakodishaji magari, lenye saa na kipimajoto. Liliwaonyesha watu wa plaza saa ile ile. Bango lilishushwa 1979 kwa sababu uzito wake ulikuwa unaliumiza paa.

Binti_Saba:

Hilo la mafuta ya vyakula sijawahi kulisikia popote. Kwa hiyo tukisema vizuri, yale maboksi yalikuwa pale kwa sababu ya mpangaji aliyehama miaka miwili nyuma.

FundiChokaa:

Ndiyo dada.

Kitasa:

Mimi naomba kujua baada ya hapo. Kampuni ya vitabu ilifunga?

FundiChokaa:

Wala. Walibaki humo hadi 1970. Miaka saba watu wanapiga picha nje, ndani maboksi ya vitabu yanaendelea kutoka kwenda shule. Hii ndiyo sehemu inayonivutia kuliko risasi zote.

SEHEMU YA NNE: KULIVUNJA AU KULIACHA

Eleweni hali ya Dallas. Baada ya mauaji mji ulipakwa jina la mji wa chuki, dunia nzima. Ghala lilikuwa kidole kinachowanyooshea. Wengi walitaka livunjwe, pabaki nyasi au maegesho. Byrd mwenyewe wiki chache baada ya tukio aliamuru dirisha la ile pembe ling'olewe, akalipeleka nyumbani kwake.

Mwaka 1970 akaliuza kwa mnada. Mnunuzi alikuwa Aubrey Mayhew wa Nashville, mtu wa biashara ya muziki na mkusanyaji wa kumbukumbu za Kennedy, kwa dola 650,000. Alitaka makumbusho. Fedha zikamshinda. Mwaka 1972 kukawa na jaribio la kulichoma moto. Moto ukazimwa, jengo likabaki. Muda si mrefu likarudi mikononi mwa Byrd. Meya wa wakati huo, Wes Wise, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari, alisimama hadharani kupinga kubomolewa. Mwaka 1975 mji ukatangaza eneo la West End kuwa wilaya ya kihistoria. Nawapa haki yao. Lakini tangazo halilipi bili ya paa linalovuja. Jengo tupu katikati ya mji, lenye mmiliki asiye na mpangaji, mwisho wake unajulikana hata kama lina kibao ukutani.

Aliyelipa ni Kaunti ya Dallas. Walilinunua 1977. Mahakama na ofisi zao ziko hatua chache kutoka hapo, na walikuwa wamebanana. Ghorofa tano za chini zikafanywa ofisi, na tarehe 29 Machi 1981 likazinduliwa kwa jina lisilo na mvuto hata chembe: Dallas County Administration Building. Makarani, mafaili, vikao vya makamishna wa kaunti, bajeti za barabara.

Kwangu hiyo ni hila bora kabisa, hata kama hawakuikusudia. Kama wangesema mwaka 1977 "tunajenga makumbusho ya mauaji", nusu ya mji ingeandamana. Waliposema "tunahitaji ofisi", hakuna wa kupinga paa jipya na nyaya mpya za umeme. Ghorofa ya sita wakaiacha tupu. Hawakuigusa. Watu wa tume ya historia ya kaunti, mwenyekiti wao akiwa Lindalyn Adams, wakapata muda wa kutafuta fedha na kuzoesha watu wazo lenyewe. Ikachukua miaka mingine minane. Maonyesho ya ghorofa ya sita yakafunguliwa 20 Februari 1989, siku ya mapumziko ya Marais.

Jongoo Barabarani:

Fundi unawapendelea makarani. Hao watu wa historia ndio waliopiga kelele miaka yote, na wewe unampa sifa mwenye mafaili! Bila Wise na wenzake kaunti ingekuta kiwanja kitupu.

FundiChokaa:

Hoja yako ina uzito na siikatai: bila kelele za mwanzo, kaunti isingekuta kitu cha kununua. Ninachosema ni kwamba kelele hununua muda tu. Jengo hubaki limesimama pale mtu anapoingia kila asubuhi na kuona bomba limevuja. Mayhew alikuwa na mapenzi ya kutosha na jengo lile, pengine kuliko wote, na mikononi mwake ndipo liliponusurika kuteketea.

Mzee Rula:

Hapo nakubaliana na wewe. Nyumba isiyo na mtu hufa.

Jongoo Barabarani:

Mzee kakubali!!! Wekeni tarehe jamani.

Kitasa:

Sasa watalii wanapandaje ghorofa ya sita katikati ya makarani na mafaili yao?

FundiChokaa:

Walijenga mnara mdogo wa lifti na jengo la mapokezi upande wa nyuma, kaskazini. Mgeni anaingia kwa nyuma, anapandishwa moja kwa moja juu bila kupita kwenye ofisi. Sura ya mbele, ile inayotazama Elm, haikuguswa. Kwa mtu wa majengo hilo ni jibu safi: nyongeza inaonekana ni nyongeza, haijifanyi ya 1901, na ukiiondoa kesho jengo la asili litabaki mzima.

Ghorofa ya saba ikaongezwa kwenye makumbusho mwaka 2002 kwa maonyesho ya muda. Na Dealey Plaza yote, pamoja na ghala na majirani zake, ikapewa hadhi ya alama ya kihistoria ya kitaifa mwaka 1993.

Kibao cha Texas kilichoko ukutani kimewekwa miaka ya 1980. Wanaokisoma kwa haraka huchoka, kwa sababu kinaanza na Bryan, kinaenda kwa Guillot na magari yake ya kukokotwa, kinashuka kwa plau, moto wa 1901, Byrd, na ndipo kinafika 1963. Mimi naona wamepatia.

Binti_Saba:

Na lile dirisha la Byrd liko wapi sasa?

FundiChokaa:

Hapo pana vita. Familia ya Byrd walilikopesha makumbusho miaka ya 1990 likaonyeshwa. Mayhew naye akasema alilolichukua Byrd silo, lile halisi analo yeye, alilitoa alipokuwa mmiliki. Pembe ile ina madirisha mawili pacha, ndiyo chanzo cha mkorogo wote. Mwaka 2007 la Byrd liliwekwa kwenye mnada wa eBay, dau likapita dola milioni 3, mauzo hayakukamilika. Wakafikishana mahakamani. Fremu mbili za mbao, kila mtu anaapa yake ndiyo.

Kitasa:

Milioni tatu kwa fremu ambayo haina hata uhakika! Mimi ningenunua jengo zima la Mayhew kwa 650,000, chenji nikaleta humu jukwaani.

Jongoo Barabarani:

Fundi, ukifika pale unaruhusiwa kuchungulia dirisha lenyewe?

FundiChokaa:

Hapana. Pembe yote imezungushiwa kioo. Ndani wameyapanga maboksi kama yalivyo kwenye picha za polisi, na unaitazama kwa nje ya kioo. Anayetaka kuona kona ya Elm kwa pembe karibu ile ile hupanda ghorofa ya saba, anasimama dirisha la juu yake. Na kwenye ghorofa ya sita madirisha mengine ya kusini yako wazi kwa macho, unaona barabara inavyoshuka kuelekea daraja la reli. Ukiwa pale tazama juu pia, si nje tu. Mihimili na nguzo za mbao wameziacha wazi.

Mzee Rula:

Umesema jirani yake, Dal-Tex, nalo lilikuwa la zana za kilimo. Mbona hilo hulizungumzii? Sisi wengine tunaamini kuna kitu humo.

FundiChokaa:

Mzee wangu, ulikuwa umenikalia kimya kumbe unanivizia hapo. Humo kuna kitu kweli, ila si unachokitafuta wewe. Kufikia 1963 zana zilishaondoka na Dal-Tex lilikuwa la biashara ya nguo. Mmoja wa wapangaji alikuwa na kampuni ya magauni. Siku ile alikuwa ameiacha kamera yake ya filamu nyumbani, katibu wake akamshawishi arudi kuichukua. Akavuka barabara nayo, akapanda juu ya ukingo wa zege pale bustanini, akaanza kupiga. Jina lake Abraham Zapruder, mwenye ile filamu maarufu ya mauaji. Nifungulie uzi wa Dal-Tex wewe, mimi nitakuja kuchangia.